Lini tunaruhusiwa kujumlisha uwezekano? Matukio yasiyotokea pamoja, kuanzia utabiri wa mvua hadi selimundu

Kila mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika, tunasoma hewani muhtasari wa utabiri wa msimu, na maswali yanayofuata hufanana. Msikilizaji mmoja huuliza: "Mmesema mvua za wastani hadi chini ya wastani. Sasa mimi nishike lipi?" Mwingine ametumiwa kwenye simu ramani yenye namba tatu, tuseme 45, 35 na 20, naye anadhani mvua itapungua kwa asilimia 45. Wapo pia wanaochukua asilimia za mambo mawili tofauti, wakazijumlisha, wakapata namba ya kutisha au ya kufariji kuliko ilivyo kweli.

Maswali haya yote yanagusa kanuni moja ya hesabu za uwezekano. Wanafunzi wa sekondari huifundishwa kidato cha nne, lakini huifundishwa kwa Kiingereza, ndiyo maana wengi hulipata swali lake kwenye mtihani na bado wakashindwa kumweleza mama nyumbani. Kanuni yenyewe ni fupi. Kuna mambo mawili au zaidi ambayo likitokea moja, mengine hayawezi kutokea. Hayo tutayaita matukio yasiyotokea pamoja. Uwezekano wa matukio ya namna hiyo unajumlishwa moja kwa moja. Matukio yanayoweza kukutana hayajumlishwi hivyo, na anayeyajumlisha hupata jibu kubwa kuliko ukweli.

Namba tatu za mvua

Tuanze na ramani ile. Kituo cha ICPAC kilichopo karibu na Nairobi hutoa utabiri wa msimu kwa nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Wataalamu huchukua rekodi za mvua za miaka 30 za eneo husika, kwa sasa 1991 hadi 2020, kisha huzipanga kuanzia mwaka uliokuwa mkavu zaidi hadi uliokuwa na mvua nyingi zaidi. Miaka 10 ya mwanzo ni kundi la chini ya wastani. Miaka 10 ya katikati ni kundi la wastani. Miaka 10 ya mwisho ni kundi la juu ya wastani.

Msimu unaokuja lazima uangukie kundi moja kati ya hayo matatu. Hauwezi kuangukia mawili, kwa sababu jumla ya mvua ya msimu mmoja mahali pamoja ni namba moja tu. Na hauwezi kukosa kundi, kwa sababu hakuna kiwango cha mvua kilichoachwa nje. Kwa hiyo haya ni matukio yasiyotokea pamoja, na tena ni orodha iliyokamilika. Ndiyo maana namba tatu za ramani zikijumlishwa hufika 100. Kama mtaalamu hana dalili yoyote ya bahari wala ya upepo, angetoa theluthi kwa kila kundi, yaani takriban 33, 33 na 33. Akiandika 45 kwa chini ya wastani, 35 kwa wastani na 20 kwa juu ya wastani, anasema mizani imeelemea upande wa ukavu. Hasemi mvua itapungua kwa asilimia 45. Anasema kwamba misimu 100 yenye dalili kama hizi ikikusanywa, takriban 45 kati yake ingeangukia kundi kavu.

Sasa lile swali la "wastani hadi chini ya wastani". Kwa kuwa makundi hayakutani, tunajumlisha bila wasiwasi: 35 na 45 ni 80. Mkulima anayesikia maneno hayo anaambiwa kwamba uwezekano wa msimu kutokuwa wa mvua nyingi ni 80 kwa 100. Hatakiwi kushika moja. Anatakiwa kupanga kwa hayo mawili, kwa mfano kupanda sehemu kubwa ya shamba mbegu inayokomaa mapema, na kubakiza sehemu kwa mbegu yake ya kawaida.

Na ile 20 iliyobaki? Hapa ndipo watu hukasirikia watabiri. Ishirini kwa 100 ni mara moja katika kila misimu mitano. Mvua nyingi zikinyesha katika msimu wa namna hiyo, utabiri haujasema uongo. Umesema tangu mwanzo kwamba mlango huo haukufungwa.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huyaeleza makundi hayo kwa njia tofauti kidogo katika taarifa zake: wastani ni mvua kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa eneo, juu ya wastani ni zaidi ya asilimia 125, na chini ya wastani ni pungufu ya asilimia 75. Mipaka imebadilika, tabia ya makundi ni ile ile: msimu ukiwa ndani ya kundi moja umetoka kwenye mengine. Ila usichanganye ramani mbili zenye mipaka tofauti. Msimu unaweza kuhesabiwa wa wastani kwenye moja na chini ya wastani kwenye nyingine, na hapo makundi yanakutana, hivyo namba zake hazijumlishwi.

Kukutana au kutokukutana hutegemea unavyouliza

Watoto wanaocheza ludo wana dadu yenye pande sita. Ukirusha mara moja, kupata 2 na kupata 5 hayatokei pamoja. Uwezekano wa kupata 2 au 5 ni moja ya sita na moja ya sita, yaani mbili ya sita. Hapo hakuna ubishi. Lakini uliza hivi: kuna uwezekano gani wa kupata namba shufwa, au namba iliyo kubwa kuliko 3? Shufwa ni 2, 4 na 6, tatu ya sita. Kubwa kuliko 3 ni 4, 5 na 6, tatu ya sita pia. Ukijumlisha unapata sita ya sita, yaani ni lazima. Lakini si lazima hata kidogo, maana dadu ikitua kwenye 1 au 3 umekosa yote. Kosa limetoka wapi? Namba 4 na 6 zimo kwenye orodha zote mbili, tumezihesabu mara mbili. Ukiziondoa mara moja unabaki na nne ya sita, nalo ndilo jibu.

Mpira wa miguu unafundisha vizuri zaidi. Simba na Yanga zikicheza dakika 90, matokeo ni matatu: Simba kushinda, sare, Yanga kushinda. Hayakutani. Lakini tuseme ni mechi ya mtoano inayoweza kwenda hadi penalti. Sasa "sare ndani ya dakika 90" na "Simba kusonga mbele" yanaweza kutokea usiku ule ule. Timu ni zile zile na uwanja ni ule ule, ila swali limebadilika, na ruhusa ya kujumlisha imekwisha.

Kwa kuwa tumegusa mpira, na kwa kuwa tunajua mikeka inavyochanwa vijijini kila Jumatatu, tuoneshe kitu kimoja ambacho kampuni za kubeti hazikiandiki kwa herufi kubwa. Tumesema matukio yasiyotokea pamoja, orodha yake ikiwa kamili, hufika 100. Chukua namba za malipo za mechi moja, zile zinazoitwa odi: tuseme 2.00 kwa timu ya nyumbani, 3.25 kwa sare, 3.50 kwa wageni. Ili kujua kila namba imebeba uwezekano gani, gawanya 100 kwa namba hiyo. Unapata 50, kisha karibu 30.8, kisha karibu 28.6. Jumlisha: 109.4. Mechi imepata wapi asilimia 9 zaidi ya 100? Haijapata popote. Hiyo ni sehemu ya kampuni.

Mwenye shaka ajaribu kwa karatasi. Ili ulipwe shilingi 10,000 vyovyote mechi itakavyoisha, utaweka 5,000 kwa wenyeji, 3,077 kwa sare na 2,857 kwa wageni. Umetoa 10,934 ili upewe 10,000. Umefunika kila kinachoweza kutokea, na bado umepoteza 934 kabla mpira haujaanza. Hatusemi zaidi ya hapo kuhusu kubeti.

Orodha ya kijiji yenye majina mara mbili

Sasa twende kwenye mambo yanayokutana, ambayo ndiyo mengi maishani. Viwavijeshi vamizi waliingia barani Afrika mwaka 2016 na kuonekana Tanzania mwaka 2017. Tangu hapo mkulima wa mahindi ana maadui wawili wanaoweza kumfika msimu mmoja: ukame na viwavi. Hakuna sheria inayosema kwamba aliyekaukiwa atasamehewa na viwavi. Kwa kweli mara nyingi huwa kinyume, kwa sababu mvua kubwa huwaua viwavi wachanga, na jua likizidi wanapata nafasi.

Tuseme kitongoji kina wakulima 40. Mwenyekiti anapita na daftari. Anaandika 14 waliopata hasara ya ukame. Ukurasa wa pili anaandika 12 walioliwa mahindi na viwavi. Anajumlisha, anapeleka maombi ya mbegu kwa watu 26. Lakini watano kati yao wamo kurasa zote mbili. Walioathirika kwa kweli ni 14 na 12 kutoa 5, yaani 21, na waliosalimika ni 19, si 14. Mbegu zikija 26, watano watapewa mara mbili na maneno yataanza kitongojini. Na mwaka unaofuata ofisi ya wilaya ikikagua na kukuta majina yanajirudia, orodha nzima itatiliwa shaka, hata ya wale wasio na kosa.

Njia ya kuepuka ni rahisi, na haihitaji shule. Andika majina kwa makundi yasiyokutana tangu mwanzo: ukame tu, viwavi tu, vyote viwili, hakuna. Katika mfano wetu ni 9, 7, 5 na 19. Sasa jumlisha utakavyo, utapata 40 kamili, na ukikosa 40 unajua kuna jina limerukwa au limeandikwa mara mbili. Watendaji wazuri wa kijiji hufanya hivi bila kuambiwa.

Kuna jozi nyingine inayowaponza watu kila mwaka, nayo ni "msimu wa chini ya wastani" na "mafuriko". Masikioni yanasikika kama mambo yasiyoweza kukutana. Yanakutana sana. Chini ya wastani ni habari ya jumla ya msimu mzima. Mafuriko yanahitaji siku mbili au tatu za mvua kubwa, au mvua iliyonyesha milimani mbali na kwako na maji yakashuka na mto. Mamlaka ya Hali ya Hewa hukumbusha jambo hili katika taarifa zake: vipindi vifupi vya mvua kubwa vinaweza kujitokeza hata kwenye maeneo yanayotarajiwa kupata mvua chini ya wastani. Aliyejenga banda la mbuzi kwenye mkondo wa korongo kwa sababu utabiri ulisema ukavu amefunga mlango ambao utabiri haukuufunga.

Vivyo hivyo makundi matatu ya mvua hayakutani kwa shamba lile lile na msimu ule ule tu. Vuli kuwa mbaya hakuzuii masika kuwa mbaya. Na Lushoto kunyeshewa hakuzuii Korogwe kukauka, ingawa ni mkoa mmoja.

Selimundu: robo mara nne si moja

Tumefika mahali ambapo kosa hili la hesabu linaumiza zaidi, na tunaomba wasikilizaji wenye watoto, na wanaotarajia kuoana, wasome taratibu.

Selimundu, ambayo wengi huita sikoseli, ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo na kufa mapema. Mtoto hupata maumivu makali ya mifupa, kuvimba mikono na miguu, upungufu wa damu, macho kuwa ya njano. Ugonjwa umeenea sana katika maeneo ambayo malaria imekaa muda mrefu: Kanda ya Ziwa, Pwani, magharibi mwa Kenya, Uganda, Kongo. Si bahati mbaya tu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha matokeo yaliyoonesha kwamba mtu mwenye nusu ya urithi huo hukingwa kwa kiasi fulani dhidi ya malaria. Kwa vizazi vingi urithi huo ukabaki kati yetu kwa sababu ulikuwa unaokoa watoto, huku ukiwaumiza waliourithi kutoka pande zote mbili.

Kila mtu ana nakala mbili za kirithishi kinachohusika, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Nakala ya kawaida huandikwa A, ya selimundu huandikwa S. Mwenye AA hana urithi huo. Mwenye AS anaubeba lakini haugui ugonjwa, na wengi huishi hadi uzeeni bila kujua. Mwenye SS anaugua. (Hapa tuondoe mkanganyiko unaotufikia mara nyingi: hii si kundi la damu. Mtu wa kundi O anaweza kuwa AS, na A ya kundi la damu haihusiani na A hii. Ukipima kundi la damu hujapima selimundu.)

Baba na mama wote wakiwa AS, kila mmoja anampa mtoto nakala moja kati ya mbili alizonazo, kama mtu anayechota punje moja kwenye mkono wenye punje mbili. Njia ziko nne, zote zenye nafasi sawa: A ya baba na A ya mama, A ya baba na S ya mama, S ya baba na A ya mama, S ya baba na S ya mama. Kila njia ni robo. Mtoto mmoja hupitia njia moja tu, hivyo njia hizi hazikutani na tunaruhusiwa kujumlisha. Njia ya pili na ya tatu zote huzaa AS, kwa hiyo AS ni robo na robo, yaani nusu. Mtoto asiyeugua ni AA au AS, robo na nusu, yaani robo tatu. Anayeugua ni robo iliyobaki. Hadi hapa kujumlisha ni halali.

Kosa linakuja kwa mtoto wa pili. Kuna maneno mawili tunayoyasikia, na yote mawili si kweli.

La kwanza: "Daktari alisema mmoja kati ya wanne. Wa kwanza ameshaugua, basi watatu wanaofuata watakuwa salama." Anayesema hivi amechukua njia nne za mtoto mmoja akazigawa kwa watoto wanne, kana kwamba ni viti vinne na kimoja kimeshakaliwa. Lakini kila mimba inaanza upya. Baba ana punje zake mbili vile vile, mama ana zake mbili vile vile. Mtoto wa pili ana robo ile ile, na wa tano ana robo ile ile.

La pili ni kinyume chake: "Tukizaa wanne, robo mara nne ni moja, basi mmoja lazima awe mgonjwa." Huyu amejumlisha. Amejumlisha uwezekano wa wa kwanza kuugua, wa pili kuugua, wa tatu na wa nne. Lakini je, mambo hayo hayakutani? Yanakutana. Wa kwanza kuugua hakuzuii wa pili kuugua, na familia nyingi zinalijua hilo kwa machungu. Kwa hiyo hana ruhusa ya kujumlisha.

Hesabu sahihi tuifanye kwa familia, inaeleweka haraka zaidi. Chukua familia 16, wazazi wote wawili AS, kila familia ina watoto wawili, na tufuate wastani. Mtoto wa kwanza anaugua katika familia 4. Mtoto wa pili naye anaugua katika familia 4. Ukijumlisha unapata 8. Lakini tazama wale wanne wa kwanza: katika robo ya familia hizo, yaani familia 1, mtoto wa pili naye anaugua. Hiyo familia moja imehesabiwa mara mbili, kama wale wakulima watano kwenye daftari la mwenyekiti. Familia zenye angalau mtoto mmoja mgonjwa ni 4 na 4 kutoa 1, yaani 7 kati ya 16. Zisizo na mgonjwa ni 9.

Kwa watoto wanne ni rahisi kupitia upande wa pili, yaani kuuliza kwanza uwezekano wa wote kutougua. Kila mmoja ana robo tatu, na kwa kuwa wa kwanza hamwathiri wa pili, hapa tunazidisha: robo tatu mara robo tatu, mara nne. Unapata 81 ya 256, karibu 32 kwa 100. "Wote wazima" na "angalau mmoja mgonjwa" hayakutani, na hakuna la tatu, kwa hiyo la pili ni 100 kutoa 32, yaani karibu 68. Hiyo ni familia mbili katika kila tatu. Si lazima, kama alivyodhani wa pili. Wala mtoto mmoja mgonjwa hawalipii wenzake, kama alivyodhani wa kwanza.

Kuna maneno mawili yanayofanana masikioni hapa, nasi tungependa yatenganishwe. "Hayatokei pamoja" na "hayaathiriani" si kitu kimoja, tena yako mbali. Mtoto mmoja kuwa AA na kuwa SS hayatokei pamoja, na ukijua moja umejua la pili: akiwa AA, SS imeshatoka kabisa. Dada na kaka yake kuugua hayaathiriani: majibu ya mmoja, kwa wazazi ambao vipimo vyao vinajulikana, hayakwambii chochote kipya kuhusu mwingine. Ya kwanza unayajumlisha. Ya pili unayazidisha. Wanafunzi wetu wa kidato cha nne wengi wanapoteza alama hapo hapo, na wazazi wanapoteza zaidi ya alama.

Mzazi mmoja akiwa AS na mwingine AA, njia ya S na S haipo. Mtoto atakuwa AA kwa nusu, au AS kwa nusu, na ugonjwa haumpati. Mmoja akiwa AS na mwingine ana ugonjwa wenyewe, SS, kila mtoto ana nusu ya kuugua. Kwa sababu hiyo mtoto mwenye SS daima amepokea S kutoka pande zote mbili, na maneno ya "huu ugonjwa umetoka kwao mwanamke" hayana mguu wa kusimama. Tunalisema wazi kwa kuwa tunajua ndoa zimevunjika kwa maneno hayo.

Kwa wanaotaka kupima: omba kipimo cha selimundu, taja neno lenyewe, kisije kikafanywa cha kundi la damu. Kama kituo chenu hakina, ulizeni hospitali ya wilaya au ya mkoa. Wachumba wanaweza kupima kabla ya kuoana, na majibu ya AS kwa AS hayakatazi ndoa, yanawapa tu namba ya kufanyia uamuzi. Wenye mtoto anayeugua wapime na wengine wote, hata anayeonekana mzima, na anayezaliwa baadaye apimwe mapema. Mtoto mwenye SS huzaliwa akionekana hana shida, kwa sababu damu ya tumboni humlinda miezi ya mwanzo, na dalili mara nyingi huanza karibu na miezi sita. Akijulikana kabla ya hapo, anaweza kuanza dawa ya penisilini ya kuzuia maambukizi, inayotolewa kila siku hadi angalau miaka mitano, akapata chanjo zake, akakingwa na malaria, na daktari akaamua lini aanze haidroksiurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu.